Sheria Isiyomjua Msomaji Wake

Nilipopewa kazi ya kufupisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi kwa Kiswahili, sikuikubali kwa mapenzi ya mazingira. Nilihitaji pesa. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhindikana, na tangu hapo naishi kwa vibarua vya maneno: leo tafsiri, kesho kuhariri tasnifu ya mtu, keshokutwa maelezo ya viatu vya kuuzwa mtandaoni. Mteja alitaka kurasa nne za kusomwa kwenye mkutano wa ushiriki wa umma, huku kwetu Nyamira. Alizitaka kwa siku mbili.

Nikaisoma sheria yote. Riwaya huwa naiuliza maswali mawili: nani anatenda, na msimulizi anamsemesha nani? Sheria nayo ni maandishi, imeandikwa na watu kwa ajili ya watu. Hebu tuiulize hayo hayo.

Nani anatenda? Sheria hii ya 2016 inawataja wahusika wake wakuu mapema. Kuna Baraza la Taifa la Mabadiliko ya Tabianchi, mwenyekiti wake Rais, akisaidiwa na Naibu wa Rais. Kuna mawaziri, wakiwemo wa mazingira, fedha na kawi. Kuna mwenyekiti wa Baraza la Magavana. Viti vingine ni vya sekta binafsi, mashirika ya kiraia, jamii zilizotengwa na wasomi. Mama yangu, ambaye michai yake karibu na Kebirigo haijazi hata nusu ekari, yumo ndani ya neno moja tu: umma. Na huo umma kazi yake kubwa ni kutendwa. Unahamasishwa, unaelimishwa, unashirikishwa.

Kushirikishwa si jambo dogo, nakubali. Mswada uliotangulia sheria hii, ule wa 2012, ulirudishwa na Rais Mwai Kibaki kwa sababu umma haukuhusishwa vya kutosha. Kifungu cha 24 cha sheria ya sasa kinalazimisha umma uelimishwe na usikizwe sera za tabianchi zinapotungwa. Kwenye karatasi, poa kabisa. Swali la pili ndilo linaloniuma: anasemeshwa nani?

Siku ya mkutano nilikaa nyuma nisikie kazi yangu ikisomwa. Msomaji hakuwa amefika mbali. Alipotamka "tabianchi" mara ya tatu, mama mmoja mzee akainua mkono. Akauliza, nchi imebadilisha tabia gani? Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile lilikuwa la uhakiki kuliko mengi niliyoyasikia darasani. Tabianchi ni neno lililoundwa vizuri, fupi, linaingia mdomoni bila shida. Lakini lisikilize kwa sikio la mtu asiyewahi kulisoma gazetini. Ni kama nchi ndiyo imekosa adabu. Aliyeichafua hewa, viwanda na nchi zilizotajirika kwa makaa ya mawe na mafuta, hayumo kwenye neno.

Mama yule akaendelea. Yeye hajui tabia, anajua mvua ya mawe. Ikishachana majani ya chai, unakaa wiki kadhaa bila kuchuma, na usipochuma hulipwi. Hiyo nayo imeandikwa wapi?

Haikujibiwa, wala haikuandikwa. Sahihi zilikusanywa, soda zikagawiwa, nauli ikatolewa, na mkutano ukawa umeshirikisha umma.

Marekebisho ya 2023 nayo yana msomaji wake. Yalitiwa sahihi siku chache kabla ya Kongamano la Tabianchi la Afrika, Nairobi, Septemba mwaka huo, wakati kila mtu mwenye suti alikuwa akizungumza kuhusu biashara ya hewa ya kaboni. Yanasema mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba na jamii hiyo, na kwa miradi inayotegemea ardhi, jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato. Ni kipengele kizuri, na kwa wafugaji wa kaskazini wenye ardhi ya pamoja kinaweza kuwa ngao. Sasa kilete Nyamira. Huku ardhi ni vipande vya watu binafsi, baba anamkatia kila kijana mistari michache ya chai, na kijana naye atawakatia wake. Tajiri wa kaboni akija kwetu, hakuti jamii yenye mkataba. Anakuta mtu mmoja mmoja, na kalamu.

Miti yenyewe tunayo, ila si ile inayosifiwa. Mwaka wa 2009 John Michuki, waziri wa mazingira wakati huo, aliamuru mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi ing'olewe kwa kuwa inakunywa maji mno. Tembea leo kando ya vijito vyetu, utaikuta imesimama wima. Watu wetu si wakaidi. Mkaratusi unakua haraka, unauzwa kuwa nguzo, unauzwa kuwa kuni za kukaushia chai kiwandani. Amri ilitaja mti bila kutaja karo. Najua, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza chuoni ulilipwa na mikaratusi ya baba, ile ya kando ya kijito. Mwaka wa tatu hapakuwa na mti uliokomaa wa kukata, nami nikarudi nyumbani. Kijito nacho siku hizi, Januari ikifika, unakivuka kwa viatu.

Kwa hivyo nitupe sheria hii? La. Ndani yake kuna kifungu ambacho ningekipigia mstari mara mbili. Kifungu cha 23 kinamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kumlalamikia anayehujumu juhudi za kukabiliana na tabianchi, na halazimiki kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Hapo umma unaacha kutendwa, unatenda.

Na kuna waliosoma sheria namna hiyo. Lamu, wakazi walipinga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Nyingine, kwamba Sheria ya Tabianchi haikuzingatiwa. Pakistan, mkulima Ashgar Leghari aliishtaki serikali yake kwa kuiacha sera ya tabianchi ilale kwenye faili, na mwaka wa 2015 Mahakama Kuu ya Lahore ikakubaliana naye. Mkulima, si waziri.

Kasoro kubwa ya maandishi haya, kwa maoni yangu, ni mpangilio. Sentensi inayomhusu mama yangu imefichwa nyuma ya vyeo vya watu asiowahi kukutana nao, kwa Kiingereza ambacho hata wakili hukisoma mara mbili. Na sisi wafupishaji tunaongeza kasoro: tunabeba vyeo, tunaacha uwezo. Kurasa zangu nne zilitumia moja na nusu kueleza Baraza. Kifungu cha 23 nilikipa mistari miwili.

Wiki jana niliziandika upya, bila mteja. Nikaanza na kifungu cha 23, kwa nafsi ya pili: wewe unaweza kwenda mahakamani. Nikamsomea mama jikoni akichambua chinsaga. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hiyo mikaratusi yetu ya kijitoni? Mtu anaweza kutushtaki sisi?"

Nikamwambia, ndiyo mama, anaweza.

Akachambua kidogo, kimya. Halafu akasema nimwachie hizo karatasi, azisome tena kabla jirani hajazipata.