Kabla ya Sindano: Kumpima Daktari wa Mbwa Wako Ndalu

Huku Ndalu, kaunti ya Bungoma, ng'ombe ndiye anayelipa karo, kwa hiyo ng'ombe ndiye anayeitiwa daktari. Mbwa anayelala nje akimlinda hutibiwa kwa kudandia. Daktari amekuja kumwona ng'ombe mgonjwa, kazi imekwisha, pikipiki imeshawashwa, ndipo mwenye boma anapokumbuka: "Daktari, na huyu naye hajala tangu juzi." Dawa iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe inavutwa tena kwenye bomba, mbwa anashikwa shingo, anadungwa, shilingi kadhaa zinaongezwa juu ya malipo, na daktari anaondoka. Nataka kuzichambua dakika hizo chache, kwa sababu ndani yake mna karibu kila jambo la kutazamwa unapomchagua mtu wa kumtibu mbwa au paka wako.

Tuanze na kilichomo kwenye bomba. Mara nyingi huwa diminazini, ule unga wa manjano unaouzwa kwa majina mengi katika maduka ya agroveti. Ni dawa ya zamani na ya kutegemewa dhidi ya nagana na dhidi ya ugonjwa wa kupe unaogeuza mkojo kuwa mwekundu. Pakiti ndogo iliyozoeleka ina gramu 2.36 za unga, na ndani yake dawa yenyewe ni miligramu 1,050. Huyeyushwa kwa mililita 15 za maji, na hapo inamtosha ng'ombe wa kilo 300, yaani miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Sasa piga hesabu hiyohiyo kwa mbwa. Mbwa wa kilo 20 anahitaji mililita 1 tu. Yule mdogo wa kilo 10, kama walivyo mbwa wetu wengi wa kienyeji waliokonda, anahitaji nusu mililita.

Anayekadiria kwa jicho akamzidishia ng'ombe mililita mbili hatamletea madhara ya maana. Amemtibu kana kwamba ana kilo 340. Lakini mililita hizohizo mbili kwa mbwa wa kilo 10 ni mara nne ya kipimo chake, na mbwa huvumilia dawa hii vibaya kuliko ng'ombe. Ikizidi hupiga ubongo: mnyama huyumba, hutetemeka, hukakamaa, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, wakati daktari yuko mbali na hakuna anayekumbuka kuuliza kuhusu kipimo. Mwenye mbwa husema ugonjwa ulimshinda. Nimesikia maelezo ya namna hiyo mara nyingi mno kuamini kwamba kila mara ni ugonjwa.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni kama huyu mtu anapima uzito. Haihitaji mashine ya hospitali. Ukiwa na mizani ya kawaida ya kupimia watu, panda ukiwa umembeba mbwa, shuka, panda peke yako, kisha toa. Mbwa mkubwa asiyebebeka atakadiriwa, lakini hata makadirio yasemwe kwa sauti na yaandikwe. Mwambie tu: "Daktari, tumpime kwanza?" Anayekasirishwa na swali hilo amekupa jibu.

Jambo la pili ni kama dawa ilihitajika kabisa. Mbwa aliyeacha kula, mwenye homa na aliyejaa kupe anaweza kuwa na babesia, ambayo diminazini huiua. Anaweza pia kuwa na elikia, ugonjwa mwingine wa kupe unaosababishwa na bakteria, ambao dawa hiyo haiugusi. Huo hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki kadhaa. Kama ni mbwa mchanga anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, shuku iwe parvo, ambayo ni virusi. Hakuna sindano inayoua parvo. Kinachomwokoa ni maji na chumvi kupitia mshipani, kuzuia kutapika, joto na uangalizi wa siku kadhaa. Daktari anayemdunga mtoto wa mbwa wa namna hiyo mara moja na kusema "ataamka" amekuuzia matumaini.

Kuyatenganisha magonjwa haya huanza kwa mikono na macho. Mwenye ujuzi huingiza kipimajoto kwenye njia ya haja kubwa na kusubiri. Mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Huinua mdomo na kutazama ufizi: je, ni wa waridi, mweupe au wa manjano? Huubonyeza kwa kidole na kuangalia damu inarudi upesi kiasi gani, kwani ikikawia zaidi ya sekunde mbili mzunguko wa damu una shida. Huvuta ngozi ya mgongoni kuona kama mnyama amekaukiwa maji, hupapasa tumbo na tezi za chini ya taya, huuliza rangi ya mkojo. Huuliza mbwa alikula nini, alichanjwa lini, na kama kuna sumu ya panya ghalani. Huku kwenye mahindi swali hilo la sumu lina uzito wake. Akiwa na darubini atachukua tone la damu sikioni, atalipaka kwenye kioo na kulitia rangi. Asipokuwa nayo atasema sampuli ipelekwe wapi. Maabara ya serikali ya uchunguzi wa mifugo iliyo karibu nasi iko Eldoret.

Uchunguzi wa namna hiyo huchukua muda, na muda ndio unaoulipia. Ukimlipia daktari dawa peke yake, kama wengi tunavyofanya, unamfundisha kwamba asipodunga halipwi. Mimi ningependa tuzoee kulipa ada ya kumtazama mnyama hata pale jibu linapokuwa kwamba hahitaji dawa yoyote.

Tulifikaje mahali ambapo kila mwenye mkoba na pikipiki huitwa daktari? Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kenya iliwaajiri karibu wahitimu wote wa udaktari wa mifugo. Ajira hiyo ya moja kwa moja ikakoma, huduma kama upandishaji wa ng'ombe kwa mbegu zikaachiwa watu binafsi, na majosho yakakabidhiwa wananchi. Vijijini likabaki pengo, na pengo likajazwa na yeyote aliyekuwa tayari kuingia kwenye tope saa nne usiku. Baadhi yao ni hodari kwelikweli. Baadhi walianza kama wauzaji wa duka la dawa.

Bunge liliposhika suala hili lilipitisha sheria ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao ya mwaka 2011, ambayo inaipa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya jukumu la kuwasajili wote wawili. Daktari kamili amesoma shahada ya miaka mitano. Kwa miongo mingi chuo kilikuwa kimoja, Kabete, katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasaidizi wamepata cheti au diploma katika vyuo vya afya ya mifugo (AHITI) kama vile vya Kabete, Nyahururu na Ndomba. Huyu wa pili ndiye utakayemwona mara nyingi Ndalu, na hakuna aibu katika hilo. Kwa kuchanja, kutoa minyoo au kusafisha kidonda mimi ningemwita msaidizi aliyesajiliwa na mwenye mikono safi bila wasiwasi. Kufungua tumbo, kumfunga uzazi mbwa jike, kuunganisha mfupa: hizo ni kazi za daktari kamili, na msaidizi mzuri ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Katiba ya 2010 imegawa majukumu kwa njia inayomgusa mtu wa Ndalu moja kwa moja. Huduma za mifugo ni za kaunti, na hata leseni za mbwa ni za kaunti, lakini usimamizi wa taaluma yenyewe ulibaki kwa taifa. Ofisa wa serikali anayekuhudumia ni wa Bungoma, ilhali mji ulio karibu ni Kitale, kaunti ya Trans Nzoia. Daktari binafsi wa Kitale anaweza kuvuka mpaka kuja kwako, kwa sababu usajili wake ni wa Kenya nzima. Omba namba yake ya bodi pamoja na leseni ya mwaka huu. Leseni huhuishwa kila mwaka, na ili kuihuisha hutakiwa kuonyesha kwamba ameendelea kusoma. Cheti cha zamani ukutani kinaonyesha tu kwamba aliwahi kufuzu.

Mwenye paka awe mwangalifu zaidi, maana wengi wanaotibu vijijini wamewashika paka wachache. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka, na dawa za viroboto za mbwa zenye permethrini humletea degedege. Muulize daktari angempa paka nini akiwa na maumivu. Akitaja paracetamol, mshukuru kwa kuja.

Kichaa cha mbwa ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hapa daktari mbaya anaweza kumuua mtu. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa huanza kuchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Chupa inapotolewa, tazama ilitoka wapi. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, kwa hiyo inapaswa kufika kwako ndani ya kisanduku chenye barafu, wala isiwe imegandishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aina mojawapo ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzi 25. Hiyo ni habari njema kwa vijiji visivyo na friji, lakini haimpi mtu ruhusa ya kubeba chupa mfukoni, hasa zile chanjo hai za parvo na distempa ambazo joto huziharibu upesi. Cheti kiandikwe jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, tarehe ya kurudia, sahihi na muhuri. Siku mbwa wako atakapomuuma mtoto wa jirani, karatasi hiyo itatafutwa na watu wengi.

Kisha kuna mbwa anayetokwa na mate, taya limelegea, hawezi kumeza. Mwenyewe husema amekwamwa na mfupa. Tazama mikono ya daktari wakati huo. Anayeingiza vidole vitupu kinywani kutafuta mfupa hajafikiria kichaa, na asiyekifikiria atakuacha wewe na watoto mmshike mbwa huyo bila kinga. Anayefaa atasimama mbali, ataulizia chanjo, atavaa glavu, atawaondoa watoto, na kama kuna aliyeumwa au aliyeingiwa na mate kidondani atamwambia aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitalini siku hiyohiyo. Mbwa akifa, hatamwacha azikwe hivihivi. Atapanga kichwa kifikishwe maabara, na wewe hutakigusa.

Wakati wa kumtafuta mtu wa namna hii ni mbwa akiwa mzima. Chanjo ya mwaka inatosha kuwa mtihani: utaona kama anampima, kama anaandika, kama mnyama anashikwa kwa upole au kwa kamba ya shingo. Kabla hajaondoka, muulize ni nani humshikia kazi akisafiri, na kama kuna upasuaji hupeleka wapi Kitale au Eldoret. Uandike majina yote mawili pamoja na namba za simu nyuma ya cheti cha chanjo.