Kuupimia Mti Kiu

Oktoba haimbembelezi mtu katika nyanda za kati. Mvua ya mwisho imekwisha kusahaulika, upepo umeliingiza vumbi jekundu hadi ndani ya makabati ya vyombo, na mifugo inakwenda mbali kutafuta malisho. Katikati ya ukali huo mikrismasi ya Dodoma inaanza kuchanua. Mti ambao majuzi ulikuwa fito tupu, na maganda meusi yakigongana kwa upepo, unajifunika maua mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka. Wapita njia huusifu mti. Mimi namsifu aliyeukuza, na hasa kwa maji aliyojizuia kuyamwaga.

Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nao hupata kiasi cha milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Aliyehamia kutoka Moshi au Bukoba huiona miezi iliyobaki kuwa adui wa bustani. Kwa mkrismasi si hivyo. Asili yake ni misitu mikavu ya Madagaska, na ulimwengu wa sayansi uliufahamu mwaka 1829, maelezo yake yalipochapishwa Uingereza kutokana na kazi ya Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea aliyeishi Mauritius. Huko kwao nako kiangazi ni kirefu. Ukipandwa mahali penye mvua mwaka mzima, hushika majani na kutoa maua machache machache. Kiangazi cha kweli ndicho kinachoupukutisha, kikaupumzisha, kisha ukachanua wote kwa pamoja. Ukame tunaoulalamikia una sehemu yake katika wekundu ule.

Kazi huanzia kwenye ganda, refu hata kupita nusu mita, na mbegu zake zenye gamba lisilopitisha maji. Fundi huisugua mbegu kwa msasa upande mmoja mpaka weupe wa ndani uchungulie, au huimwagia maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa na kuiacha humo hadi asubuhi. Iliyovimba huenda kwenye kiriba chenye udongo, mchanga na samadi iliyooza vizuri. Mzizi hukimbilia chini upesi. Mche ukisahauliwa kitaluni, mzizi hujikunja kwenye kitako cha kiriba, na kilema hicho utakwenda nacho ukubwani.

Mche huingia ardhini mvua zikishashika, ili upate msimu mzima wa kujiimarisha. Shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana si anasa katika udongo wetu mwekundu wa kichanga, ambao ukikauka hukaza ukaligomea hata jembe. Mche huketi chini kidogo ya usawa wa ardhi, ndani ya kisahani kinachonasa maji yasitiririke. Huwekwa mbali na ukuta, bomba na shimo la choo, kwa kuwa mizizi ya mkrismasi mzima husambaa mbali karibu na uso wa ardhi na ina nguvu za kupasua sakafu. Matandazo ya majani makavu yasiguse shina, maana mchwa wa Dodoma hawahitaji kualikwa. Na boma la miiba lizungushwe siku ileile, kabla mbuzi hawajapita.

Kisha mvua hukatika, na hapo ndipo ufundi unapopimwa. Mwenye huruma isiyo na maarifa humwaga kikombe kimoja kila jioni. Unyevu hubaki juujuu, na mizizi nayo hubaki hukohuko ikingojea kikombe. Siku mwenye nyumba akisafiri, mche umekwisha. Fundi humwaga ndoo nzima polepole, au hufukia kando ya mche chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo, kisha huacha siku kadhaa zipite. Maji yanashuka, mizizi inayafuata. Kiangazi cha pili huongeza nafasi kati ya ndoo na ndoo, na cha tatu huirefusha tena. Ndiyo kazi ya mama anayemwachisha mtoto ziwa: hanyimi kwa hasira wala hakatishi ghafla, na kilio anakisikia, ila anajua mtoto anakwenda wapi.

Mtihani mgumu zaidi huja kwenye baridi kavu ya Juni na Julai, majani yanapogeuka manjano na kudondoka. Asiyejua hukimbilia ndoo, akidhani mti unakufa. Ajuaye hukwangua gome la kitawi kwa ukucha. Akiona ubichi wa kijani chini yake, huufunika moyo wake kwa subira na kuendelea na ratiba ileile. Imenichukua muda kuelewa kwamba kutulia huko nako ni kazi, tena nzito kuliko kuchota maji.

Tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, kupanda miti kumekuwa sehemu ya kuujenga mji. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Siku ya kupanda huwa na mgeni rasmi na picha. Kiangazi hakina mgeni rasmi. Ndiyo maana navutiwa na wakulima wa vijiji vya mkoa huu wanaofuata mbinu ya kisiki hai: badala ya kupanda, huchagua machipukizi machache yenye afya kwenye kisiki cha mti uliokatwa, huondoa mengine, na kuyalinda yaliyobaki. Nao hujenga kwa kupunguza, wakitegemea mizizi iliyokwisha kuizoea ardhi hii.

Wapo watakaouliza kama mti wa maua tu unastahili maji mahali ambapo watu hupanga foleni ya ndoo. Swali hilo ni la haki. Sehemu kubwa ya maji ya jiji imetegemea kwa miaka mingi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na bustani inayonyweshwa kila siku huyanywa maji ya wengine. Mkrismasi uliokuzwa kwa kipimo huomba kwa viangazi vichache, tena mara nyingi hutosheka na maji yaliyooshea mboga. Baada ya hapo hujitegemea. Maua huenda yakachukua miaka mitano, pengine kumi, lakini kivuli hutangulia, na watoto, wauza matunda na bodaboda hukitumia bila kuulizana uwanja ni wa nani.

Kwa hiyo naiheshimu kazi hii kama uungwana. Anayeupimia mti kiu yake ameliangalia ua na akamwangalia jirani pia, na wote wawili wamepata haki yao.