Faat Kiné: mathe wa petroli na mababa wawili

Jina la Ousmane Sembène hutajwa kama dawa chungu: baba wa sinema ya Afrika, we meza tu, itakusaidia. Ndiyo maana Faat Kiné inashtua. Mzee alikuwa na miaka 77 filamu hii ilipotoka mwaka wa 2000, na alichotuletea ni mwanamke wa Dakar mwenye gari, sigara, mdomo mkali na kituo cha petroli cha kusimamia. Mhadhara upo pia, tutaufikia.

Kiné ana miaka 40 na watoto wawili, Aby na Djib, kila mmoja na babake, na hakuna baba aliyekaa. Wote wawili wamefaulu mtihani wa baccalauréat, ule unaokufungulia mlango wa chuo kikuu. Yeye hakuufanya. Alikuwa amebakisha miezi michache tu mwalimu wake wa filosofia alipompa mimba, na shule ikamfukuza yeye. Mwalimu akaendelea kufundisha. Wa pili, baba ya Djib, alimwahidi ndoa, akala akiba yake, akamwacha na mimba ya pili. Kiné akaanza kwa kujaza watu mafuta na akapanda hadi kuwa meneja.

Ukisoma hivyo unadhani ni filamu ya kulia. Wapi! Venus Seye anamcheza Kiné kama mtu ambaye machozi yake yaliisha zamani na sasa ana ratiba. Sehemu tamu zaidi ni akiketi na marafiki zake na mazungumzo yaingie kwa wanaume, kondomu na UKIMWI, bila kupunguza sauti wala kuomba radhi. Na kuna jamaa anayepata pesa kutoka kwake kwa ajili ya kitanda. Sisi tumezoea sponsa mwenye kitambi. Hapa sponsa ni mathe, na Sembène hamhukumu hata kidogo.

Halafu kuna mgongo wa Mammy, mamake Kiné. Baba mzazi alipojua binti yake ana mimba, alitaka kumchoma moto. Mammy akajitupa katikati na moto ukamla yeye. Miaka ishirini baadaye bado yuko kwenye nyumba hiyo, anatembea ameinama, anapika, anatania wajukuu. Sembène anatuonyesha jambo hilo mapema, kisha anarudi kwenye vichekesho kana kwamba hajasema kitu. Mimi hapo ndipo aliponishika. Kila utani baada ya hapo una mzigo chini yake, lakini hakuna muziki wa huzuni wa kukukumbusha. Unakumbuka mwenyewe, Mammy akipita sebuleni.

Na hii si habari ya Senegal pekee. Tanzania, hapa jirani, mwaka wa 2017 rais alitangaza kwamba msichana akizaa asirudi shule ya serikali, na katazo likaondolewa 2021 tu. Kina Kiné wa miaka hiyo minne ni watu wa rika letu.

Sasa mhadhara. Kwenye sherehe ya kufaulu, mababa wote wawili wanatokea, wamevaa vizuri, wakitaka heshima ya ubaba ambao hawakuulipia hata daftari. Djib, ambaye marafiki wanamwita Presi kwa sababu anaota urais, anawapasua mbele ya wageni. Inafurahisha, sikatai. Lakini kijana anaongea kama tahariri ya gazeti, na anaongea sana. Swali langu ni kubwa kuliko urefu wa hotuba: kwa nini yeye? Aby amepita mtihani uleule, na baba yake ndiye aliyemharibia mama masomo. Kiné yuko hapohapo, Mammy yuko hapohapo. Filamu imekuwa ya wanawake saa nzima na zaidi, kisha wakati wa kulipa deni, maikrofoni inapewa mvulana.

Na wale wanawake wa mwanzo? Filamu inafunguka na kina mama waliobeba maji vichwani wakikatiza barabara za jiji katikati ya magari. Picha kali. Ila wanapita tu. Uhuru wa Kiné ni wa mshahara wake na gari lake, na sijui Sembène angewaambia nini wale wa ndoo.

Ila mzee anajua kumaliza. Hotuba zimeisha, wageni wameenda, na Jean, mchumba Mkristo ambaye watoto wenyewe wamempigia debe, yuko chumbani na Kiné. Hakuna busu la karibu, hakuna machweo. Kamera inashuka hadi kwenye miguu iliyosimama siku nzima na kutuonyesha vidole vyake vikijikunja kwa raha.