Kisasi cha simulizi za simu hakina anayeumia

Katika steji za bodaboda za Kisauni, kuanzia Mlaleo hadi Bombolulu, mchana wateja wakipungua simu hutolewa mifukoni. Si mpira tu unaofuatiliwa. Wengine wanasoma simulizi zinazotumwa sehemu kwa sehemu kwenye WhatsApp na Facebook, nyingi zikitoka Tanzania. Sehemu za mwanzo ni bure. Ukishanaswa, unaambiwa utume hela kidogo kwa simu ndipo uongezewe.

Anayedai vijana wetu hawasomi Kiswahili hajakaa pale. Wanasoma, tena wanabishana. Na zinazowasha ubishi ni za kisasi: maskini aliyetemewa mate na wakwe anarudi na gari la kifahari, mke aliyefukuzwa akiwa mjamzito anarejea kwa jina jipya kuwafilisi waliomcheka. Nguli hapa si mtu mwema. Anadanganya, anatesa, pengine anaua, na msomaji yuko upande wake. "Wacha awaoneshe! Kwani walidhani harudi?"

Mvuto huo si wa kubezwa. Lugha yenyewe inatudokezea chanzo chake. Kiini cha 'kulipiza' ni 'kulipa', kitenzi kile kile cha dukani. Kwa Mswahili kisasi ni deni. Sasa mfikirie kijana aliyefanya kibarua cha mjengo akazungushwa ujira, au aliyezaliwa kwenye shamba ambalo wazazi wake hawana hati yake. Kudai anakujua sana. Kulipwa ndiko hajakuona. Kwenye simulizi deni linalipwa hadharani, na riba juu. Hata mimi zimenikesha.

Shida yangu ni moja: nani hasa anayelipa?

Turejee kwa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni. Bi Farashuu ana kila sababu ya kumchukia Maksuudi, aliyemharibia binti yake maisha. Lakini kisasi chake, kwa msaada wa Biti Kocho, kinapitia kwa Maimuna, binti wa Maksuudi aliyefungiwa nyumbani asiione dunia. Maksuudi anaaibika, sawa. Anayetumbukia katika ukahaba na ulevi ni msichana ambaye hakumkosea Farashuu lolote. Mwandishi hatuhubirii. Anamfuata tu Maimuna, ukurasa baada ya ukurasa, hadi msomaji aliyekuwa akimshangilia yule ajuza anajikuta amenyamaza.

Watetezi wa simulizi hizi husema kitabu kina nafasi, ilhali mfululizo unabanwa na taharuki: kila sehemu lazima ikatike pabaya ili kesho mtu arudi. Hoja hiyo siikubali. The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas ilitoka vipande vipande katika gazeti la Paris kati ya 1844 na 1846. Edmond Dantès anasingiziwa, anakaa gerezani miaka 14, anarudi tajiri asiyetambulika. Si ndiye huyu huyu wa simu zetu? Ila mtoto mdogo wa mmoja wa maadui wake anakufa kwa sumu, Dantès anaiona maiti, na kuanzia hapo anatilia shaka haki aliyojipa. Taharuki haikumzuia Dumas kuileta maiti ile mbele ya nguli wake.

Katika simulizi zetu watoto wa maadui hawana hata majina. Adui akishafilisika sehemu inakwisha, na inayofuata inaleta adui mwingine, maana nguli akitosheka malipo yanakatika. Usanii nao unalegea papo hapo. Maadui wote hucheka kwa dharau, wote macho mekundu, wote hupiga magoti wakilia. Ukibadilisha majina huoni tofauti. Mtu asiye na sura haumii, na ndiyo maana kumtesa kunanoga.

Kisauni hasa ndiko swali hili lina uzito. Magenge kama Wakali Kwanza na Wakali Wao yalipowatia wakazi hofu kwa mapanga, walikatwa hata watu wasio na ugomvi na yeyote. Sisemi simulizi ziliwapa mapanga. Vijana wale hawakuhitaji mwandishi. Nasema msomaji wa huku anajua, kuliko mhakiki wa chuoni, kwamba panga halichagui, na mwandishi anayemuuzia panga linalochagua anamchukulia kama mtoto.

Sidai nguli awe malaika, wala asamehe. Alipize. Ila sehemu moja tu, hata fupi, msimulizi awe binti wa yule aliyefilisiwa: asubuhi ya pili, nyumba imeshauzwa, yuko langoni mwa shule akiambiwa arudi na karo. Kisha mfululizo uendelee na nguli wake, tuone kama bado tutamshangilia kwa sauti ile ile.