Barua Isiyo na Salamu: Uhakiki wa Maombi ya Masomo ya Juu kutoka Fizi na Baraka

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuihakiki barua ya maombi ya masomo ya juu kama utanzu wa maandishi. Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu, kwani uhakiki wetu umezoea riwaya, tamthilia na ushairi. Barua ambayo mhitimu wa Fizi au Baraka humwandikia mfadhili asiyemjua haijawahi kuhesabiwa kuwa kazi ya fasihi, na sisi hatudai kuwa ni fasihi. Tunachodai ni kwamba barua hiyo ina fani na maudhui, ina fanani na hadhira, na ina kanuni ambazo mwombaji haelezwi. Asiyeielewa riwaya huifunga akaenda zake. Asiyezielewa kanuni za barua hii hukosa masomo, na mwalimu msaidizi asiyepata shahada ya uzamivu hawezi kuwa profesa, hata akifundisha mpaka mvi zimwote.

Hoja yetu ni moja. Mhitimu wetu aghalabu hushindwa kwa sababu anaandika barua, ilhali anachoombwa si barua bali ni majigambo yenye ushahidi. Mifano ya sentensi tutakayoitoa tumeitunga wenyewe kwa kufuata mtindo uliozoeleka, ili barua ya mtu yeyote isianikwe hadharani.

2. Muktadha wa uombaji

M. M. Mulokozi, katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi yaliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alisisitiza kwamba utanzu hauwezi kuelezwa kwa umbo lake tu. Ni lazima kuangalia fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Ingawa alizungumzia fasihi simulizi, vipengele hivyo vinatufaa hapa.

Tuanze na wakati. Kuna enzi ambapo mwanafunzi wa Kongo hakuhitaji kumbembeleza mfadhili wa mbali, kwa kuwa dola ndiyo iliyotoa posho ya masomo. Posho hiyo haikuwa neema tupu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium waliandamana Kinshasa, na nyongeza ya posho ilikuwa miongoni mwa madai yao. Askari wakawafyatulia risasi, na wako waliopoteza maisha. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote viliunganishwa chini ya mkono wa serikali. Hata hivyo, mwanafunzi wa siku zile alijua ni nani anayemdai na kwa haki ipi. Alidai, hakuomba.

Majirani zetu wamejenga utaratibu mwingine. Kenya ilianzisha bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu mwaka 1995, na Tanzania ikaiundia sheria bodi yake mwaka 2004. Mwanafunzi wa Fizi hategemei bodi ya namna hiyo. Karo yake hutoka katika shamba la mihogo, katika samaki wa Ziwa Tanganyika na katika mfuko wa ukoo. Akitaka kuendelea baada ya lisansi, huelekeza macho kwa wafadhili wa nje: DAAD ya Ujerumani, au VLIR-UOS na ARES za Ubelgiji. Kwa hiyo hadhira ya barua yetu iko mbali, haionekani, haijibu salamu, na husoma mamia ya barua nyingine kabla na baada ya hiyo.

Mahali nako kuna uzito wake. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, na wengi wao wakaishi katika kambi ya Nyarugusu, ambako watoto walisoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, huku wakizungukwa na Kiswahili cha Tanzania. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwarejesha Baraka. Kijana wa namna hii anapoombwa kuorodhesha shule alizosoma, orodha yake huwa na mipaka miwili na mapengo kadhaa. Msomaji wa mbali huyaona mapengo hayo kama dalili ya uvivu.

3. Fani: salamu na majigambo

Barua ya Kiswahili ina adabu yake. Hufunguliwa kwa salamu, hufuata habari za uzima, ndipo haja itajwe, tena kwa kuizungukazunguka. Anayesoma Barua za Shaaban Robert, alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge na zilizotolewa na TUKI mwaka 2002, hukutana na utamaduni ambamo barua ni uhusiano kabla ya kuwa taarifa. Mhitimu wetu amelelewa humo. Basi huandika: “Kwa heshima na taadhima, mimi mtumishi wenu mnyenyekevu naja mbele yenu nikiomba mnisaidie, kwani sina mwingine wa kunisaidia.” Kwa msikilizaji wa Baraka sentensi hii ni ya mtu aliyefunzwa vyema. Kwa jopo la uteuzi ni mstari uliopotea, kwa sababu haukutaja somo, swali la utafiti, wala kazi hata moja iliyokwisha kufanywa.

Je, basi utamaduni wetu haujui kujisifu? Unajua sana. Fasihi simulizi ya maziwa makuu ina majigambo na vivugo, ambamo mtu husimama mbele ya watu akataja jina lake, matendo yake na mahali alipoyatendea. Fahari ya majigambo haimo katika vivumishi. Anayejigamba kwamba ni shujaa pasipo kutaja vita alivyopigana huchekwa. Katika nathari tunao wasifu wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, uliochapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Heinrich Brode. Hatumsifu mtu huyo. Mashariki ya Kongo inayakumbuka majeraha ya biashara yake. Lakini kwa jicho la fani, maandishi yake yanafundisha: hajiiti hodari, bali hueleza safari, mali, mikopo, pembe na vita, na msomaji ndiye anayetoa hukumu.

Hivyo ndivyo barua ya maombi inavyotaka. Tuilinganishe sentensi ile ya kwanza na hii: “Kwa miaka 3 nimefundisha fonolojia, nimekusanya masimulizi ya Kibembe katika sekta ya Mutambala, nataka kuchunguza jinsi toni za lugha hiyo zinavyoathiri Kiswahili cha Baraka.” Hapa hakuna majivuno wala kilio. Kuna jina, tendo, mahali na kusudi, yaani kivugo kilichovuliwa ngoma.

Kuna kikwazo kingine. Daniel Biebuyck, mtafiti wa Walega na Wabembe, ameieleza bwami kuwa chama cha ngazi ambamo mtu hupanda kwa msaada wa ndugu zake na kwa kuongozwa na waliotangulia. Anayepanda hajisimamishi peke yake, wapo wanaomsimamia. Katika maombi ya masomo, nafasi ya wasimamizi hawa hushikwa na barua za pendekezo. Kinachosikitisha ni kwamba barua hizo, zinazoandikwa na sisi walimu, aghalabu husema: “Ni kijana mwenye nidhamu na heshima.” Nidhamu ni jambo jema, lakini jopo linauliza tasnifu yake ilithibitisha nini. Msimamizi asiyeweza kueleza kazi ya anayemsimamia amemwacha mlangoni.

4. Istilahi: neno moja, vipimo viwili

Kwa mwanaisimu, mfano ulio wazi zaidi ni neno lisansi. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, lisansi ilipatikana baada ya miaka 5: miaka 3 ya gradua, kisha 2 ya lisansi yenyewe, pamoja na tasnifu. Ufaransani leo neno hilo hilo hutaja shahada ya miaka 3. Kwa hiyo mhitimu wetu anapojaza “lisansi” pasipo maelezo, miaka 2 ya maisha yake hufutwa na neno ambalo yeye huliona kuwa fahari yake. Mageuzi ya LMD, yaliyoanza kuenea katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022, yanakusudia kuondoa tofauti hiyo. Lakini waliohitimu kabla yake wangali wanatembea na karatasi za mfumo wa kale.

Alama nazo zina lahaja. Kwetu mwanafunzi mwenye asilimia 68 hupewa daraja la “satisfaction”, na wenzake humheshimu, kwa kuwa asilimia 70 ni kizingiti cha “distinction” ambacho wachache hukivuka. Msomaji asiyejua ugumu wa kizingiti hicho huiona 68 kuwa ya mtu wa kawaida. Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008, alichunguza maandishi ya Wakongo yaliyopelekwa Ulaya, miongoni mwake wasifu ambao mtu mmoja aliuandika mara tatu kwa ajili ya mwanamke Mbelgiji. Alionyesha kwamba maandishi yenye thamani kamili mahali yalipozaliwa huweza kupoteza thamani yakivuka mpaka. Karatasi ya alama ni maandishi ya aina hiyo. Maelezo ya nusu ukurasa yenye muhuri wa kitivo yangetosha kuirudishia sehemu kubwa ya thamani yake.

5. Maudhui: bei ya kilio

Tunafikia jambo zito zaidi. Wafadhili wengi humtaka mwombaji aeleze shida alizozishinda. Kwa kijana wa Fizi, mlango huu hufunguka moja kwa moja kwenye makaburi. Mauaji ya Makobola, ya siku za mwisho za mwaka 1998 na za mwanzo za 1999, yalitokea katika wilaya hii hii. Wako waombaji waliopoteza jamaa zao huko, na wako waliosikia tu, lakini wote wamejifunza kwamba msomaji wa mbali husimama anapofika hapo.

Je, ni halali kuyaandika? Jibu letu ni kwamba dhamira ndiyo inayoamua. Anayetaka kuchunguza masimulizi ya waathiriwa, au lugha ya maombolezo, hawezi kuyaepuka, wala hapaswi. Lakini anayeyatia katika aya ya kwanza kama pambo, kisha akaendelea kuomba kusomea uhasibu pasipo kuyarejea tena, amewafanya marehemu kuwa sarafu. Fauka ya hayo, amejidhulumu mwenyewe, kwani jopo litamkumbuka kama mtu aliyeteswa, si kama mtu anayefikiri. Lawama hii haimwangukii yeye tu. Anayeuliza swali lile akijua kwamba jibu la kusikitisha zaidi ndilo litakalopata alama naye ana sehemu yake.

Kilio hiki sasa kinauzwa tayari. Katika vibanda vya kuchapisha barua, na siku hizi kwa programu za kompyuta, mwombaji hupata maandishi yaliyokamilika akabadilisha jina tu. Barua kumi zenye huzuni moja hazimpandishi hata mmoja.

6. Usaili kama kitendawili

Anayechaguliwa hukabili usaili, aghalabu kwa simu au kompyuta, huku mtandao ukikatikakatika. Swali la kwanza huwa: “Tueleze habari zako.” Mhitimu wetu hutaja baba, mama, ukoo na sekta, kwa kuwa ndivyo mtu anavyojieleza kwetu. Dakika 3 hupita, na utafiti haujatajwa. Kisha huja: “Udhaifu wako ni nini?” Kwetu mgeni hamuulizi mtu aibu yake mbele ya watu, basi yeye hujibu kwamba hana. Jopo huandika kwamba ana kiburi.

Maswali haya ni vitendawili. Jibu lake halipatikani kwa akili peke yake. Hupatikana kwa kuwa mtu alikwisha kulisikia barazani. Mtoto aliyekulia penye vitendawili hujibu upesi, na asiyevisikia hunyamaza, ingawa huenda ndiye mwenye akili zaidi. Lakini kipo kitu kimoja ambacho usaili umekikosa. Katika mchezo wetu, anayeshindwa huambiwa atoe mji, na akishautoa, mtegaji humfumbulia. Katika usaili mwombaji hutoa mji, kisha hafumbuliwi. Hupokea barua fupi ya masikitiko, au hapokei chochote, na mwaka unaofuata hurudi na jibu lile lile.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba barua ya maombi ni utanzu unaofundishika, na kwamba nyenzo za kuufundisha zimo katika fasihi yetu wenyewe. Haitoshi kumwambia mwanafunzi ajiamini. Aonyeshwe tofauti kati ya salamu na majigambo, kati ya kivumishi na tendo, kati ya ushuhuda na pambo. Somo la mbinu za utafiti lina nafasi ya kazi hiyo, tena kwa Kiswahili, kabla ya Kifaransa na Kiingereza. Haja hii imeongezeka tangu Julai 2022, Kongo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwani vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala sasa ni vya jumuiya yetu. Mwanaisimu akumbuke pia kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili chenyewe.

Kwa upande wa walimu, tunapendekeza mambo mawili yasiyohitaji fedha. La kwanza, kila barua ya pendekezo itaje kazi moja ya mwanafunzi na ieleze ilichothibitisha. La pili, waliokwisha kupita katika usaili, waliofaulu na walioshindwa, wayaandike maswali waliyoulizwa na kuyaacha idarani, ili anayefuata ayasome. Miji mingi imekwisha kutolewa katika Fizi na Baraka. Wenye majibu wanadaiwa.