Harusi Inayoisubiri Hina

Kamati ya harusi huanza na ukumbi. Mwenyekiti akishachaguliwa na mweka hazina akishafungua daftari la michango, swali la kwanza ni ukumbi gani uko wazi na tarehe gani. Kisha hufuata chakula, muziki, mpiga picha, magari na rangi ya sare. Mchora hina hutajwa mwishoni, mara nyingi na shangazi aliyekuwa kimya kikao kizima, na fungu lake huandikwa pale palipobaki nafasi kwenye karatasi. Kwa harusi ya Pwani, huko ni kuanzia mkiani. Ukumbi hupambwa usiku mmoja ukawa tayari. Pilau ya watu mia tatu hutiwa moto alfajiri na baada ya adhuhuri inapakuliwa. Hina haikubali haraka, na anayezijua saa zake ndiye wa kuulizwa tarehe.

Kazi ya fundi huyu huanza kwenye mti. Mhina ni kichaka cha majani madogo kinachoota vizuri uani na kando ya ua, na majani yake yakichumwa huanikwa kivulini, kwa sababu jua kali hula nguvu ya rangi. Yakishakauka hutwangwa, kisha unga huchekechwa kwa kitambaa chepesi, tena na tena. Kuchekecha ndiko kunakowashinda wengi. Chembe moja ya ujiti ikipita huenda ikaziba ncha ya koni katikati ya ua, na mstari uliokatika hapo hauungiki bila kuacha fundo. Siku hizi wengi hufungua paketi kutoka India, nami siwalaumu. Paketi nzuri zipo. Ila mwenye kutwanga yake anajua imetwangwa lini, na unga wa hina unavyozidi kukaa ndivyo unavyozidi kufa.

Unga hukandwa kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, wengine wakidondoshea mafuta ya karafuu au ya mlangilangi, kisha hufunikwa na kuachwa. Rangi imefungiwa ndani ya jani. Tindikali ya ndimu huitoa polepole, kwa saa kadhaa. Ukiipaka mapema itatoka hafifu. Ukiichelewesha nguvu itakuwa imepita. Fundi hajui wakati huo kwa kutazama saa ya ukutani. Anaweka tone kiganjani mwake, anasubiri kidogo, anafuta, anaangalia. Pakibaki doa la chungwa, imekuwa tayari. Halafu anainua kijiko: ikianguka kama uji mzito, kwa mkato usiovutika sana, anajaza koni. Ikiwa nyepesi itatapakaa, ikiwa nzito itamchosha kidole gumba kabla hajamaliza mkono wa kwanza.

Sasa tuhesabu siku, maana hapa ndipo mipango ya harusi inapoharibika. Hina inapobanduliwa huacha rangi ya chungwa tu, rangi ya kumkatisha tamaa asiyejua. Siku inayofuata wekundu unaingia. Siku ya pili imekolea, viganja vimekuwa vya kahawia iliyoiva. Kwa hiyo bibi harusi anayetolewa mbele ya wanawake Jumamosi usiku achorwe Alhamisi. Achorwaye Jumamosi asubuhi, baada ya saluni na kabla ya mpiga picha, atakuwa na mikono ya chungwa kwenye kila picha atakayowaonyesha wajukuu.

Na achorwe usiku. Rangi ya hina haizuii udhu, lakini tope lake lililokauka juu ya ngozi linazuia maji, na mikono na miguu ndiyo ya kuoshwa. Basi mafundi wengi hupenda kuanza baada ya sala ya Isha ili kabla ya Alfajiri iwe imebanduliwa, nayo imepata saa zake za kukaa. Ndiyo maana usiku wa hina umekuwa sherehe kamili: watu hawana budi kukesha, na wakikesha wataimba. Mombasa na Lamu vugo hupigwa kwa pembe zinazogongwa kwa vijiti, wanawake wakijibizana kwa mafumbo ambayo mwali aliyeketi katikati anaambiwa asicheke, asije akatikisika. Hawezi kula kwa mkono wake. Dada zake humlisha tonge. Pua ikimwasha, somo wake, yule mwanamke anayemfunda, ndiye wa kumkuna.

Mwenye subira atazame mkono wa fundi, aache kutazama ua. Haanzi kwa kuchora ramani. Huanza na ua moja kubwa juu ya kiganja, karibu na kidole cha shahada, kisha shina linapinda kuvuka kifundo na kupanda mkononi kuelekea kiwiko. Maua ya Pwani ni makubwa na yana nafasi kati yake. Ngozi iliyoachwa wazi ni sehemu ya mchoro. Hii ni tofauti na mtindo wa Kihindi, unaojaza mpaka ncha za vidole kwa vimistari vidogo vidogo, wenye uzuri wake. Kwa kuwa nafasi ziko wazi, hakuna pa kuficha kosa. Mstari wa shina unavutwa kwa pumzi moja, mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, na unene huo unatoka kwenye kidole gumba peke yake, kinachoibana koni na kuilegeza. Kabla ya koni za nailoni kazi hii ilifanywa kwa kijiti cha chelewa, na bado wapo wazee wanaodai kuwa kijiti hakidanganyi. Sina hakika na hilo. Koni nayo imeleta wembamba ambao kijiti hakikuufikia.

Kinachonishangaza zaidi ni mkono wa pili. Fundi hapimi kwa uzi wala haweki alama. Anaulaza mkono uliokwisha kuchorwa pembeni na kuuchora mwenzake kwa kinyume, shina likipinda kulia pale lilipopinda kushoto, na mikono miwili ikiwekwa pamoja inafungana. Miguuni anabadilisha mwendo kabisa: nyayo hujazwa hina tupu, bila ua, na ncha za vidole huvikwa rangi mpaka kwenye viungo. Vijana wengi siku hizi huomba nyayo ziachwe, eti zinaonekana za kizamani. Hapo ningewaomba wafikirie tena. Hina hushika palipo na ngozi nene, na hakuna mahali inapopendeza na kudumu kama kwenye wayo.

Ubishi wa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, nao unatokana na ngozi. Mgongo wa mkono una ngozi nyembamba, hina hapo haikolei kama kiganjani, na juu ya ngozi nyeusi maua hayaonekani vizuri kwa mbali. Ndipo mafundi wa Pwani walipozoea kuzungushia ua mstari mweusi wa piko na kujaza hina nyekundu ndani yake. Rangi mbili hizo zikikutana zinapendeza kweli, na ndizo zinazoupa mkono wa bibi harusi wa Unguja au Mombasa sura yake. Lakini piko nyingi madukani ni unga wa kutia weusi kwenye nywele, na kemikali iliyomo, inayofupishwa PPD, inaweza kuunguza ngozi, kutoa malengelenge na kuacha kovu. Ulaya hairuhusiwi kupakwa moja kwa moja juu ya ngozi. Aliyewahi kudhurika mara moja hudhurika zaidi mara ya pili. Fundi ninayemheshimu ni yule anayekataa kumpaka mwali piko hiyo hata akiongezewa fedha, na badala yake anaipaka hina mara mbili na kuiacha usiku mzima.

Kabla ya tone la kwanza, fundi mzuri huuliza: kwenu wapi? Anatafuta cha kuchora. Mwali ambaye babake ni wa Pemba anaweza kuchorewa vikonyo vya karafuu vikining'inia kwenye shina, kwa kuwa kisiwa hicho ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar. Wa Lamu ana utajiri mwingine: fremu za milango ya kuchonga na mapambo ya chokaa kwenye zidaka ndani ya nyumba za kale, mistari inayopinda na kurudi, ambayo inahama vizuri kutoka ukutani kwenda kwenye mkono. Anayetaka kumkumbuka bibi yake na alete kanga yake ya zamani. Ile korosho iliyopinda kwenye pindo ni ua tayari. Kuficha herufi ya jina la bwana harusi kati ya majani ni mtindo wa kuazima, na simzuii mtu, ila naona karafuu ina mengi zaidi ya kusema. Mchoro uliotolewa kwenye simu unaweza kuwa mzuri sana na usimhusu mwenye mkono hata kidogo.

Wenye ujuzi huu hawakuwahi kutenganishwa na shughuli nyingine za wanawake. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab na ngoma ya msondo. Unguja walimjua pia kwa unyago na kwa hina. Hadi leo katika mitaa mingi anayechora ndiye anayejua kupika udi, kusaga liwa na kumwambia somo kipi kitangulie kipi.

Na utaratibu huo una maana. Singo, ule mchanganyiko wa viungo, liwa na marashi unaosuguliwa mwilini siku kadhaa, lazima itangulie hina, kwa sababu inaondoa ngozi iliyokufa na kuiacha laini. Ikija baada ya hina itaondoka na hina yenyewe. Mafuta nayo yawekwe mbali mpaka hina ibanduliwe, kwani ngozi yenye mafuta haishiki rangi. Asubuhi tope likishakwanguliwa, hapo ndipo mafuta ya nazi yanapokuja kuing'arisha. Udi ni wa mwisho. Saluni inayomkanda mwali mafuta Alhamisi mchana imemharibia fundi kazi bila kujua.

Kuna kitu kimoja tu chenye saa kali kuliko hina, nacho ni asmini. Maua yake hufunguka jioni na kunukia usiku, hivyo hutungwa yakiwa vitumba. Mwenye mti uani huchuma, hutunga kwa sindano na uzi, na kuviweka ndani ya kitambaa kibichi. Kikuba hutengenezwa kwa kupanga vipande vya mkadi, majani ya rehani na asmini, wakati mwingine na waridi, kikafungwa kidogo kiasi cha kubanwa kifuani. Kikifika saa tisa mchana, usiku kimesinyaa. Kikifika baada ya Magharibi, vitumba hufunguka vikiwa vimevaliwa, na chumba kizima kinajua. Hakuna jokofu linalofanya kazi hiyo. Muhimu ni kumjua mama mwenye mti, na mtaa ambao hauna tena mti wa asmini umepoteza kitu katika harusi zake.

Kanga ndiyo yenye subira kuliko vyote hivi. Inaweza kununuliwa miezi kabla. Kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, bado ndiyo kanga ya bibi harusi, na sijaona sare iliyoshonwa kwa kitambaa cha kung'aa ikaishinda rangi hizo tatu. Inauzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa havijakatwa, na kazi ya kukata na kukunja upindo ni ya nyumbani. Inafaa ifanywe na mikono inayomjua mwali, wakiwa wamekaa mkekani, maana ndipo maneno ya maana husemwa. Mwali anapochorwa hina, kanga hiyo hiyo hutandikwa chini ya mikono yake, na madoa yatakayobaki hayafuliwi kwa bidii.

Nimetaja Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, lakini hesabu hizi husafiri. Muscat kuna familia za asili ya Zanzibar ambazo usiku wa hina bado unaziunganisha, na kwenye fleti za London koni hujazwa jikoni na kuwekwa karibu na joto, kwa sababu hina hupenda joto na baridi huizuia kukolea. Mti haupo, ndimu ni za dukani. Siku mbili za kusubiri ni zile zile, na aliye ughaibuni azihesabu kwa uangalifu zaidi, kwani huko hakuna shangazi wa kumkumbusha.

Basi wewe uliye kwenye kamati, kikao kijacho kabla ya kupiga simu ya ukumbi mpigie simu mchora hina. Mwulize anasaga mwenyewe au anafungua paketi, piko yake ni ipi, na yuko wazi Alhamisi gani. Mwambie kwenu wapi. Umlipe kabla ya usiku wenyewe na umpe nauli ya kurudi, kwa kuwa atatoka kwenu saa ambayo hakuna daladala.