Uhakiki wa Dhana ya "Wimbi la Miaka Mia" katika Usanifu wa Majukwaa ya Baharini

Katika usanifu wa majukwaa ya mafuta na gesi baharini, kimo cha wimbi kubwa linalotarajiwa ndicho huamua urefu wa sitaha kutoka usawa wa bahari na uimara wa miguu ya jukwaa. Kwa mazoea, kigezo hicho huitwa "wimbi la miaka mia". Jina hilo lina upungufu wa kidhana, kwani hudokeza kwamba bahari ina kimo maalumu kinachosubiri kupimwa. Uhakiki huu unadai kwamba kimo hicho ni zao la uteuzi wa data pia, na kwamba udhaifu mkubwa wa makadirio hutokana na swali linalotangulia hisabati: ni tufani zipi zihesabiwe kuwa za kundi moja?

Wimbi la miaka mia ni lile ambalo uwezekano wa kuzidiwa kwake katika mwaka wowote ni asilimia 1. Iwapo kila mwaka unajitegemea, jukwaa litakalotumika kwa miaka 25 lina uwezekano wa takribani asilimia 22 wa kukutana na wimbi linalozidi hilo. Kwa hiyo, tukio linaloitwa la nadra si la nadra kwa wanaofanya kazi juu ya jukwaa. Ndiyo maana kanuni za Norwe hudai pia jukwaa listahimili, bila kuporomoka, tukio lenye uwezekano wa 1 kwa 10,000 kwa mwaka.

Kwa kuwa vipimo vya bahari vingi ni vya miongo michache tu, watafiti hurefusha mwelekeo wa data kwa kutumia migawanyo ya uwezekano kama ya Gumbel na Weibull. Migawanyo miwili yaweza kuafikiana na data ileile kwa kiwango sawa, kisha ikatofautiana sana mkiani. Wahakiki wengi huishia katika ulinganisho huo. Hata hivyo, mfano wa Ghuba ya Meksiko unaonesha kwamba tatizo huanza mapema zaidi.

Tufani zinazopita katika nukta moja ya ghuba hiyo ni chache mno kwa makadirio ya kitakwimu. Hivyo, viwango vya awali vya Taasisi ya Petroli ya Marekani (API) viliichukulia sehemu kubwa ya ghuba kama eneo lenye tabia moja, kimo cha wimbi kikitegemea kina cha maji. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki: uliongeza ukubwa wa sampuli. Lakini ulifuta tofauti ya kimaumbile, kwa kuwa maji ya moto yanayoingia kutoka Karibi huzipa nguvu tufani za eneo la kati. Mwaka 2004, wakati wa tufani Ivan, vifaa vya watafiti wa Jeshi la Majini la Marekani vilipima wimbi la mita 27.7. Ivan iliangamiza majukwaa 7. Katrina na Rita, mwaka 2005, ziliangamiza zaidi ya 100. Ni kweli kwamba mengi yalikuwa ya zamani, yaliyosanifiwa kwa vigezo hafifu zaidi. Pamoja na hayo, mwaka 2007 API ilitoa mwongozo wa muda ulioigawa ghuba katika maeneo manne na kupandisha viwango vya eneo la kati. Kilichobadilika zaidi hapo ni mpaka wa kundi la data.

Hata hali ya bahari ikikadiriwa sawasawa, wimbi mojamoja hubaki na utata wake. Tarehe 1 Januari 1995, katika jukwaa la Draupner, Bahari ya Kaskazini, wastani wa kimo cha theluthi ya mawimbi makubwa ulikuwa takribani mita 12. Kwa mgawanyo wa Rayleigh, wimbi kubwa linalotarajiwa kati ya mawimbi 1,000 lingekaribia mita 22. Lililopimwa lilikuwa na mita 25.6, na kilele chake kilifika mita 18.5 juu ya usawa wa bahari.

Tofauti ya mita chache si jambo dogo. Maadamu kilele kinapita chini ya sitaha, maji huisukuma miguu ya jukwaa tu. Kikiigonga sitaha, mzigo huongezeka kwa ghafla. Hivyo, kosa dogo la makadirio laweza kuzaa kosa kubwa la usalama.

Kwa mantiki hiyo, tasnifu inayotoa kimo kimoja cha wimbi la miaka mia, bila kubainisha mipaka ya eneo, sababu za kuunganisha tufani na upana wa mashaka, haijakamilisha kazi yake, hata kama hesabu zake ni sahihi. Mtahini anayeuliza kwanza ni mgawanyo upi uliotumika anaanzia katikati. Swali la kwanza ni data zimekusanywa pamoja kwa hoja gani, na la pili ni jukwaa litafanyaje siku kimo hicho kitakapozidiwa.